Usinitumie Asali

Kaptembwo, Nakuru
Jumapili, 2 Februari 2025

Kogo wangu,

Mimi mjukuu wako Cheruto nakusalimu kwa mikono miwili, nikitumai baridi ya Mau Narok haijakuingia magotini. Nisalimie ng'ombe wetu Madam, na kuku wote, hata yule jogoo aliyenirukia Krismasi. Mama alipiga simu kutoka Kericho, anasema mgongo umepoa. Mimi bado nasuka saluni. Vumbi limerudi, maji yanakuja Jumanne na Ijumaa, lakini tuko sawa.

Barua hii inakuja na Kibii, dereva wa lori la viazi. Ningepiga simu, ila huko kwako mtandao unashika pale kwa josho la ng'ombe peke yake, na nikikuambia jambo pale, kijiji kizima kitanijibu kabla yako.

Sasa jambo lenyewe. Nimeingia klabu ya judo, tangu Septemba. Usiweke barua chini, Kogo. Judo ni kushikana nguo na kuangushana, hakuna ngumi wala mateke. Kocha wetu ni mwanamke, anaitwa Adongo, na mchana anafua mashuka hotelini. Tuko watano tu. Tunafanyia mazoezi kwenye stoo ya kinu cha posho kilichofungwa. Wenye vilabu vyao huanguka juu ya mikeka, sisi tunaanguka juu ya magunia yaliyojazwa karatasi, na karatasi zikishalala mtu anasikia sakafu mpaka kwenye meno. Naomba utuombee mabua ya ngano kwa wale wa shamba kubwa. Magunia sita yatatosha.

Tarehe 7 Juni kuna mashindano makubwa Nairobi, vilabu arobaini. Mimi nitapigana na wasichana wasiozidi kilo hamsini na mbili. Hapo sheria ni kali: ukizidi hata kidogo, hupigani, unakaa na watazamaji. Lakini usiwe na wasiwasi, mimi ni hamsini na moja. Niko fiti.

Wako mwenye mifupa mizima,
Cheruto


Mau Narok
16 Februari 2025

Cheruto,

Salamu zako zimefika. Madam nimemsomea zake nikikamua, akatikisa sikio. Amezaa ndama jike mwenye alama nyeupe kwenye paji la uso, na maziwa ni mengi mpaka nakosa vyombo. Jogoo hakuwa na la kujibu. Mchungaji amehamishwa, amekuja mwingine anayehubiri saa mbili nzima.

Hilo neno fiti sikulielewa na sitaki kulielewa. Mimi Linah Chepkosgei nilisimamia darasa la ngumbaru miaka kumi na moja, nikafundisha wazee wenye mvi kuandika barua zao wenyewe. Sitaandikiwa na mjukuu wangu lugha ya stendi.

Kuhusu judo, nilikwenda kwa jirani mwenye televisheni, kijana wake akanitafutia. Nikaona wanawake wawili wazima, mmoja amelala juu ya shingo ya mwenzake, na mwanamume aliyevaa tai amesimama anawatazama tu bila kuwatenganisha. Sitasema kitu. Wewe ni mtu mzima wa miaka ishirini na mbili.

Mabua nimetuma. Juu ya mabua kuna viazi madebe mawili, samli chupa moja, na mursik, maziwa yetu ya kugandisha, kibuyu kizima. Krismasi niliona umekonda.

Swali dogo tu. Hizo kilo hamsini na mbili, wanapima mtu kabla ya chai ama baada? Na nguo wanahesabu? Nauliza kwa sababu napenda kujua mambo.

Kogo yako,
Linah Chepkosgei


Kaptembwo
9 Machi 2025

Kogo wangu,

Nakusalimu na nampongeza Madam kwa mtoto. Huku mvua imetupiga chenga mara mbili. Nimepata chumba kidogo zaidi lakini chenye dirisha. Nimeosha neno lile kutoka mdomoni mwangu na halitarudi.

Mabua ni matamu, Kogo. Tunaanguka na kulala hapo hapo. Tatizo ni moja, tunatoka mazoezini tumejaa mabua kichwani, na wateja wa saluni wanauliza kama nalala zizini.

Chakula nacho kilifika. Asante, lakini tafadhali punguza. Mursik si tunampokea nayo mtu aliyerudi na ushindi? Mimi bado sijashinda hata kuku. Na samli ile ina nguvu sana. Nikiendelea hivi nitazidi kilo na mwaka wangu wote utaharibika. Nakuomba kwa heshima zote, usinitumie asali. Vingine labda naweza kuvikwepa, asali siwezi. Asali ndiyo itanimaliza kabisa.

Kwa sasa bado ni hamsini na moja. Tunajipima kila Ijumaa kwa mizani ya Kimaiyo, broka wenu, ile ya kuning'iniza anayopanda nayo huko kununua viazi. Unashika ndoano kwa mikono miwili, unakunja magoti, unaning'inia kama gunia, na Kibii anasoma. Mwenzangu Jackie aliteleza akaanguka kwenye vitunguu vya watu.

Mjukuu wako anayejizuia,
Cheruto


Mau Narok
30 Machi 2025

Cheruto,

Nakusalimu kwa jina la Bwana. Ndama anaitwa Refa, kwa sababu anasimama kando akitazama wenzake wakipigania nyasi. Mchungaji mpya Jumapili iliyopita mahubiri yake yamefikia saa mbili na robo nzima. Mama yako ameniandikia, anasema nisikusumbue. Simsumbui mtu.

Nimetuma asali. Usikasirike, ilikuwa nyingi ndani ya nyumba na sisimizi walishaanza kuingia. Ni mtungi mmoja tu, ule mkubwa. Mursik nayo nimeongeza, kwa kuwa mursik pia ni ya mtu mwenye kiu.

Lakini jambo moja linanishangaza. Samli chupa nzima, viazi madebe mawili, na bado ni hamsini na moja ile ile? Kama ni minyoo, nimeweka dawa kwenye bahasha. Kama ni kwamba chakula changu kinaliwa na huyo Jackie, basi nimemwagiza Kibii asiondoke mlangoni mpaka aone umemeza.

Mmesema mnajipima kwa mizani ya Kimaiyo. Ile ya ndoano, yenye uso wa mviringo na kioo kilichopasuka? Haya. Ni mizani nzuri. Endeleeni nayo.

Kogo yako,
Linah Chepkosgei


Kaptembwo
27 Aprili 2025

Kogo wangu,

Nisamehe kwa kunyamaza. Mvua ilinyesha ikaingia kwenye stoo, tukashinda wiki mbili tukianika mabua juu ya mabati ya watu. Tumepona mafua, tumebaki na kikohozi. Refa namtumia salamu za pekee.

Kibii alikuja na maagizo yako. Alikaa kwenye kiti changu, akafungua macho, akasema, "Nimeambiwa nione koo likicheza." Nikala. Alinitazama kwa bidii mpaka na yeye akaona njaa, akala pia. Kwa hivyo ripoti yake ichukue kwa uangalifu.

Kogo, nakuomba kwa mara ya mwisho. Zimebaki wiki sita. Usinitumie kuku. Hasa kuku wa kienyeji wa kuchemsha, hao usiwatume kabisa. Bado ni hamsini na moja, na nataka nibaki hapo.

Sasa nikuambie jambo moja bila mzaha. Unajua mimi ni mtu wa nusu nusu. Ushonaji niliacha nusu. Kompyuta niliacha wiki ya sita, na karo ulikuwa umelipa wewe kwa kuuza fahali. Hukunilaumu hata siku moja, na hilo ndilo linaniuma zaidi. Hii judo nina mwezi wa nane na sijaacha. Nimevunjika kucha, nimemwagiwa maji baridi, na kila jioni naenda. Nataka siku moja tu niseme nilianza kitu nikakifikisha mwisho. Nikishindwa kwa kuangushwa, sawa. Lakini nikirudishwa mlangoni, Kogo, sijui kama nitaanza kitu kingine tena.

Nakutakia usingizi usio na mchungaji,
Cheruto


Mau Narok
11 Mei 2025

Cheruto,

Tumeshinda salama. Viazi vimechanua shamba zima, na ukungu hautoki mpaka saa nne. Madam aliumwa kiwele, nikamkanda kwa maji ya moto, sasa amepona. Kimaiyo alikuja na mizani yake, tukauza magunia thelathini ya ghalani. Jogoo aliyekurukia hayuko tena. Yuko kwenye kikapu ambacho Kibii amekuletea, pamoja na kuku wengine wawili, wote wamechemshwa. Alikuwa mkorofi, ilikuwa lazima.

Barua yako nimeisoma. Nimeisoma mara kadhaa.

Sina la kuongeza leo. Mkono umechoka.

Kogo yako,
Linah Chepkosgei


Mau Narok
29 Mei 2025

Cheruto mwanangu,

Leo sikusalimu sana, nisamehe, salamu utazidai siku nyingine. Kibii anaondoka asubuhi hii na anapiga honi.

Usiiamini mizani ya Kimaiyo. Inapunguza. Gunia langu la kilo hamsini kwake ni arobaini na saba. Nalijua hilo mwaka wa saba sasa. Napima kwa debe nyumbani, nikimwambia mbele ya wenzangu anacheka, anasema debe la mama mzee limebonyea, na wenzangu wanacheka pamoja naye. Sina jiwe la mizani la kweli la kumwonyesha. Mizani ikisema wewe ni hamsini na moja, wewe ni hamsini na nne. Utarudishwa mlangoni.

Ulipoandika Machi kwamba mnajipima hapo, nilicheka peke yangu nikiwa naosha kibuyu. Nikasema Mungu amenisaidia. Nilikuwa nakunenepesha, Cheruto. Samli, asali, kuku, kila kitu. Nilitaka uzidi kilo ukae na watazamaji, maana niliogopa. Kila nikifumba macho naona yule mwanamke wa televisheni amelaliwa shingo, na uso ni wako. Mimi nimebaki na Mama yako na wewe.

Lakini ile barua yako ya Aprili hainiachi nikalala. Mtu akitaka kumaliza jambo moja maishani na nyanyake ndiye anamwekea kigingi, huyo ni nyanya gani? Una siku tisa. Usile viazi. Kimbia. Ile asali kama hujaimaliza, mpe Jackie.

Niliogopa. Ndiyo hiyo tu.

Linah


Kaptembwo
15 Juni 2025

Kogo wangu mpendwa,

Nakusalimu, na ninadai pia zile salamu ulizonikopa. Mafua yameisha, Mama yuko salama, dirisha langu limepata pazia. Sasa keti. Ukiwa umesimama na chombo cha maziwa, kiweke chini kwanza.

Barua yako ya tarehe 29 nimeipata Jumatano hii, tarehe 11. Lori lilikwama kwenye matope siku mbili, likatolewa na trekta, halafu Kibii akaisahau chini ya kiti. Mashindano yalikuwa yameisha siku nne.

Kogo, mimi ni mjukuu wa mkulima wa viazi. Ulidhani nitaning'inia kwenye mizani ya broka na kuiamini? Siku ya kwanza kabisa nilitundika bandali la unga, kilo ishirini na nne. Ikasoma ishirini na mbili unusu. Nikashuka nikanyamaza.

Na kuna kubwa zaidi. Sijawahi kuwa wa hamsini na mbili. Hapo ni mahali pa Jackie. Nafasi ya klabu iliyobaki ilikuwa ya kilo hamsini na saba, na mimi Januari nilikuwa hamsini na tatu za kweli, nimekauka. Kocha Adongo aliniambia, "Wewe uingie huko hivyo, watakupeperusha. Kula." Nile nini, na mshahara wa kusuka? Ningekuomba chakula cha judo ungenitumia mistari ya Biblia. Lakini nakujua. Nikisema usitume, utatuma. Kwa hivyo nikakuambia sheria ya hamsini na mbili, nikakaa nikisubiri lori. Nambari za barua zote nilizitunga ili chakula kisikatike. Kibii alikuwa upande wangu tangu Machi, nilimnunua kwa mursik, halafu kwa mapaja ya kuku. Jackie alikuwa akijinyima, maskini, anageukia ukuta nikilamba asali.

Nilitunga mengi, Kogo. Ile ya kuwa mtu wa nusu nusu sikuitunga.

Tulifika Nairobi tukiwa watano, wenzetu wakishuka kwenye mabasi yenye majina ya vilabu vyao. Sare zetu Jackie alizishona kwa mifuko ya kitambaa ya ngano. Aliifua mara nne lakini maandishi hayakutoka yote, na mgongoni kwangu bado ilisomeka KILO 90. Mwamuzi alinizungusha akasoma, akaniuliza mimi ni wa daraja gani hasa. Watu walicheka mpaka kule juu. Nilipopimwa rasmi, wakaandika kwenye karatasi na kupiga muhuri: hamsini na sita nukta nne. Hizo kilo tatu na zaidi ni za Madam, na za jogoo.

Nilishinda wa kwanza, nikashinda wa pili. Kocha hutufundisha kutupa mtu kwa gunia la viazi: unaingia chini yake, nyonga ndani, unaligeuza kama vile wapakiaji wanavyolirusha juu ya lori. Wale wasichana ni wepesi kuliko viazi vyako. Wa tatu alinitupa mimi. Niliona dari kabla sijajua nimeanguka, na mikeka yao ni laini sana, karibu nibaki hapo nilale.

Ikabaki moja ya kugombea shaba. Ilikuwa karibu kuisha, mikono imekufa, yule mwenzangu anavuta na mimi sina pumzi. Unajua hapo ndipo mimi huacha. Niliisikia ile sauti yangu ikisema, Cheruto, si umejaribu, inatosha. Nikaingia chini yake hata hivyo.

Medali iko kwenye msumari karibu na pazia. Ni ya shaba, ndogo, na ina mkwaruzo.

Barua yako niliisoma nikiwa nimekaa kwenye gurudumu la lori. Niliposhinda Nairobi watu waliruka, mimi macho makavu. Jumatano pale kwa lori nililia mpaka Kibii akaenda kununua maji. Nilikuwa nimesubiri tangu Machi nione kama utaniambia kuhusu ile mizani, na nilishaanza kukata tamaa nawe. Nawe uliniambia. Kuchelewa ni makosa ya matope.

Nimekudanganya miezi minne. Nipige ukitaka, lakini nitumie na salamu zangu.

Mjukuu wako aliyeshiba,
Cheruto


Mau Narok
22 Juni 2025

Cheruto,

Zipokee salamu zako zote, za leo na za deni. Refa ameanza kula nyasi. Mchungaji amepoteza sauti, ibada imekuwa fupi, na watu wanamwombea taratibu bila haraka. Mama yako nimemsomea barua yako kwenye simu pale kwa josho, kwa hivyo kijiji kizima sasa kinajua ulivyonidanganya, na wamekuchukulia wewe kuwa mtu wa maana. Wananiuliza jogoo alikuwa na uzito gani.

Nimekukasirikia kuanzia Jumatatu mpaka Alhamisi. Nilivunja kikombe. Ijumaa nilikuwa nakamua, nikakumbuka ile ya usinitumie kuku wa kuchemsha, nikacheka mpaka Madam akapiga ndoo teke. Umenichezea kama mtoto, na mimi ndiye niliyekufundisha kuandika. Nimefurahi, Cheruto. Ulimaliza. Nimefurahi sana, na sitalirudia hilo.

Sasa sikiliza vizuri. Barua hii haiji na Kibii, inaletwa na mwalimu Chemutai anayekuja Nakuru kwa daktari wa meno. Kibii usimwambie kitu, hata akiomba paja; yeye ndiye humbebea Kimaiyo viazi.

Hiyo karatasi yenye muhuri, iliyoandikwa hamsini na sita nukta nne, iko wapi? Kama umeitupa, itafute. Jumamosi tarehe 28 Kimaiyo anapanda huku kununua viazi vya kijiji chote. Tutakuwa wakulima kama arobaini pale kwa josho, wote wale waliocheka debe langu. Njoo na Kocha Adongo, njoo na Jackie na wenzako, mvae hizo nguo za ngano. Msiseme kitu. Kabla ya gunia la kwanza, wewe utaishika ile ndoano kwa mikono miwili, ukunje magoti, na mwalimu Chemutai atasoma mizani kwa sauti. Halafu mimi nitasoma karatasi. Miaka saba natafuta jiwe la kweli la kupimia, kumbe nalinenepesha mwenyewe.

Mpaka hiyo siku usile kuzidi na usifunge. Nazitaka kilo zile zile zilizopigwa muhuri, zisipungue wala kuongezeka. Ndiyo maana leo sijatuma kitu. Hakuna samli, hakuna kuku, na asali usiiote.

Mursik ya ushindi wako iko tayari, kibuyu kimejaa, nimekitundika mlangoni ukione ukifika. Lakini utakunywa ukishashuka kwenye ndoano.

Kogo yako,
Linah Chepkosgei